Pete ya uchumba ya oda: moisanaiti, zirkonia au yakuti ya maabara?

MwanaTanga: Wanajukwaa, salaam. Sonara wangu wa Kariakoo anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nimeamua kuagiza pete yenye jiwe la maabara kwa kuwa almasi ya mgodini imenishinda bei, lakini nimekwama kati ya moisanaiti na zirkonia, mawe yanayong'aa kama almasi, na yakuti ya buluu. Ninyi mngechagua lipi?

BintiPangani: Ndugu yangu, hujataja bajeti, hujasema kama pete ni ya dhahabu au ya fedha, wala hujatueleza mchumba wako hufanya kazi gani kwa mikono yake. Tukushauri kwa lipi?

SonaraMstaafu: Zirkonia nisingeiweka kwenye pete ya kuvaliwa kila siku. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachoishia 10, yenyewe ni 8 na kidogo, kingo zake hulika kadiri miaka inavyokwenda, na jiwe huanza kuonekana kama lina ukungu. Yakuti ni 9, moisanaiti ni 9.25 na almasi ni 10. Zirkonia ibaki kwenye hereni.

Buluu_tu: Yakuti, bila kusita. Ile ya maabara ni oksidi ya alumini ileile inayochimbwa Umba, huko huko kwenu Tanga, na tangu mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza mwaka 1902 njia yake ya kuyeyusha unga kwa mwali wa moto, yakuti za kutengenezwa zimevaliwa duniani kote.

MzeeKibao: Bandia ni bandia. Nilimnunulia binti yangu pete ambayo muuzaji aliiita ya tanzanaiti ya maabara. Ilipombana kidole nikaipeleka kwa fundi aipanue. Naye, akiamini maneno ya risiti, akapuliza moto bila kulitoa jiwe, likapasuka vipande vitatu mbele ya macho yetu. Kilikuwa kioo. Muuzaji alikana hata kunifahamu, na binti yangu hadi leo hataki kusikia habari za mawe ya maabara.

SonaraMstaafu: Pole sana, mzee wangu, lakini hilo halikuwa jiwe la maabara. Tanzanaiti ya kutengenezwa haipo sokoni. Kinachouzwa kwa jina hilo huwa ni kioo au fosteriti, jiwe jingine la kutengenezwa. Fundi naye alikosea, kwani hata tanzanaiti halisi haipulizwi moto.

Buluu_tu: Ndiyo maana nasisitiza tofauti: yakuti ya maabara ni yakuti, ilhali zirkonia huiga tu sura ya almasi.

MaskatiKwetu: Mbona moisanaiti mmeisahau? Juani hurusha rangi za upinde wa mvua kuliko hata almasi.

BintiPangani: Ndicho kinachonikera, inawaka mno. Tena kifaa cha kawaida cha kutambua almasi kwa joto huisoma kama almasi, kwa hiyo jina la jiwe liandikwe kwenye risiti.

MwanaTanga: Samahani kwa kuchelewa. Bajeti ni laki sita, nataka dhahabu ya karati 18, na mwenzangu ana saluni ya kusuka.

SonaraMstaafu: Kwa bei ya dhahabu ya sasa, pesa hizo zitaishia kwenye dhahabu peke yake. Fikiria karati 9, au fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000. Na kwa msusi, jiwe lolote utakalochagua lizungushiwe ukingo, kwa sababu kucha za pete, vile vijino vinavyoshika jiwe, hunasa nywele za wateja.

MwanaTanga: Hilo la nywele sikuliwaza. Je, kipimo cha kidole nitakipataje bila yeye kushtuka?

BintiPangani: Kumbe hata kipimo huna! Azima pete yake moja, lakini kwanza hakikisha huivaa kidole kipi.