Nafasi na nukta mbili katika faili la YAML

Swali, kutoka Mbarara:
Ndugu zangu, nimeanza kuandika faili la YAML (muundo wa maandishi wa kuandikia mipangilio ya programu) ili Ansible, programu ya kusimamia seva, isimamie seva tatu za ofisini kwetu, lakini kila nikiiendesha inakataa mstari uleule ambao kwa macho yangu hauna kosa. Nianzie wapi?

Jibu, kutoka Jinja:
Ndugu, anza na nafasi za mwanzo wa mstari, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kipi kimo ndani ya kipi. YAML hairuhusu kitufe cha tabu hapo, hivyo tumia nafasi mbili kwa kila ngazi. Baada ya nukta mbili, na baada ya kistari cha orodha, acha nafasi moja. Tafadhali kagua pia mstari uliotangulia, maana kosa mara nyingi huanzia huko.

Jibu, kutoka Gulu:
Naongeza jambo lililonisumbua sana: namba ya simu inayoanza na 07 ifungwe kwa alama za nukuu, la sivyo, ikiwa haina 8 wala 9, Ansible huisoma kwa kizio cha nane, yaani kama namba inayotumia tarakimu 0 hadi 7 tu, na kuigeuza kabisa.

Muulizaji:
Asanteni sana. Kosa lilikuwa mstari wa juu: nukta mbili bila nafasi.