Mrejesho: Nilikimbia zile mbio za kupokezana milimani

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama mtu aliyezoea lami tu akubali kuingia timu ya klabu kwenye mbio za milimani huku Lake District, kaskazini mwa Uingereza. Wengi mlisema nenda, ila ujifunze kuteremka. Nimeenda, na miguu yote miwili nimerudi nayo.

Timu ni watu 6, vipande 4: cha kwanza na cha mwisho anakimbia mtu mmoja, cha pili na cha tatu wawili wawili. Cha tatu ni cha wajuzi, maana ramani unapewa palepale na njia unajitafutia. Mimi nilipangwa cha pili na mama mmoja wa miaka 61. Nikasema moyoni, leo nitamsubiri sana. Aisee! Kupanda tulikwenda sawa, tena kwa kutembea, mikono magotini. Hata wakali walitembea. Kuteremka, yeye alishuka kama mbuzi, mimi nikashuka kwa makalio. Na sheria hairuhusu kuachana, kwa hiyo kila kituo nilimkuta amesimama ananingoja, anatafuna biskuti.

Mliosema viatu vya lami vitatosha mlinipoteza. Bahati niliazima vyenye meno. Koti la mvua, dira na filimbi vilikaguliwa kabla ya kuanza. Koti nililivaa mapema tu, ukungu ulipotushukia.

Tumekuwa wa tatu kutoka mwisho. Mama ameshaniandikisha kwa mwakani, wala hakuniuliza.