Mabua ninayofukia yanatoweka na mahindi yana manjano: naomba ushauri

Jembe Refu: Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa misimu miwili nimefukia mabua makavu ya mahindi katika udongo wangu mwekundu, nikiamini kwamba ninatengeneza mboji. Mahindi yaliyofuata yamegeuka manjano kuanzia majani ya chini, na nikichimba sioni weusi wowote. Mabua yametoweka kana kwamba yaliungua. Je, nimekosea wapi?

Mzee wa Matandazo: Ndugu yangu, neno "kuungua" umelitumia mahali pake. Gramu moja ya mabua makavu ina nishati ya takriban kilojuli 17, na vijidudu vya udongoni huipata kwa kuunganisha kaboni na oksijeni, kama moto ufanyavyo, ila polepole na bila mwali. Penye unyevu, joto likiongezeka kwa nyuzi 10 kasi ya kazi hiyo hukaribia kuwa maradufu, na kila unapotifua unavipelekea vijidudu hewa na kuvunja mabonge madogo ambamo mboji ilikuwa imejihifadhi. Umanjano nao una sababu yake: katika mabua kaboni ni takriban mara 60 ya naitrojeni, ilhali katika mboji iliyokomaa ni mara 10 hadi 12 tu, kwa hiyo vijidudu huchota naitrojeni ya udongo ili kujenga miili yao, na mahindi yanabaki na njaa.

Binti Kunde: Kama karibu yote huungua, kwa nini tusitegemee mbolea ya chumvichumvi pekee?

Mzee wa Matandazo: Binti yangu, mbolea hiyo itashikwa na nini? Mfinyanzi (zile chembe laini zinazonata) wa udongo mwekundu uliokwisha kulowa mvua kwa maelfu ya miaka una chaji hasi chache mno za kuvuta na kushika virutubisho, kwa hiyo potasiamu na kalisiamu huchukuliwa na maji. Kilo moja ya mboji huweza kushika virutubisho hivyo zaidi ya mara 10 ya kilo moja ya mfinyanzi huo. Tena asidi za mboji hukalia sehemu za oksaidi (chuma na aluminiamu zilizoungana na oksijeni, mfano wa kutu) ambazo vinginevyo zingeikamata fosforasi. Oksaidi hizo za chuma ndizo zinazofunika weusi, kwa hiyo Jembe Refu asiupime udongo kwa rangi pekee. Namshauri aache mabua juu ya ardhi, apande mikunde katikati ya mistari, na apunguze kutifua. Atalazimika kuongeza kila msimu, kwa maana vijidudu havifungi kazi.

Jembe Refu: Nashukuru sana, mzee. Leo nimetumbukiza mabonge mawili makavu ya udongo katika glasi za maji. La katikati ya shamba limesambaratika kabla sijamaliza kuhesabu hadi 60. La mpakani, chini ya miti ya mikunde ambapo jembe halifiki, bado limesimama, na maji yake ni maangavu. Mabua ya msimu huu sitayafukia.