Naomba ushauri: "sheep" kwenye agrimenti ni kondoo mmoja au ni wengi?

Mlima_Elgoni (Kapchorwa)
Habari za jioni wakubwa. Naomba mnisaidie haraka maana tangu juzi usingizi hauji. Kuna karatasi ya mauziano imeandikwa Kiingereza na ndani kuna maneno "the sheep of the seller". Mimi niliishia P7 (darasa la saba), cha kuongea nakiweza lakini cha karatasi kinanishinda. Mtu mmoja anasema hapo ni kondoo wote, mwingine hapa nyumbani anasema kama wangekuwa wengi ingeandikwa "sheeps" kwa hiyo ni mmoja tu. Nani yuko sawa? Nahitaji jibu fupi tu.

Mwalimu_Jinja
Ndugu yangu, "sheeps" haipo. Ni "one sheep", "ten sheep", basi. Na msidhani ni uvivu wa Waingereza. Kiingereza cha zamani, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kilikuwa na kundi la majina ambayo kwenye wingi hayaongezwi kitu chochote, "sheep" lilikuwa humo, "swine" humo, na "deer" pia ambalo enzi hizo lilikuwa la mnyama yeyote, siyo huyu wa pembe peke yake. Hata "house" na "thing" zilikuwa kundi hilohilo, nyumba moja nyumba kumi neno ni lile lile, ila hizo baadaye zikafuata mkumbo zikapata s, kondoo akabaki alivyo. Kwa hiyo huyo wa nyumbani kwako amekosea, lakini usikimbilie kusema yule mwingine amepatia. Neno lenyewe peke yake halitaji idadi.

Dereva_Murchison
Mwalimu umenikumbusha mbali. Nilipoanza kuendesha wageni mbugani kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, kila tukiona nyati anaandika kwenye kidaftari "three buffalo", "seven buffalo", mimi nikamnong'oneza mwenzangu huyu mzee shule alikimbia. Mwenzangu akanieleza kumbe ndiyo lugha ya wawindaji tangu zamani, wanyama wa kuwindwa wanawataja bila s, utasikia hata "two elephant", "five lion". Sasa hivi nikisikia mgeni anaongea hivyo najua huyu amekulia kwenye familia za bunduki. Na ukitaka bahashishi nzuri mjibu hivyo hivyo.

Afande_Mstaafu
Sisi jeshini ilikuwa "barracks" na "headquarters". Ina s na ni moja, ziwe kumi ina s ile ile. Kuna luteni alimwandikia mkubwa "headquarter" bila s akidhani anasahihisha, aliitwa ofisini akasimama mpaka jua likazama.

Mama_Bombo
Wanangu mimi nauliza kwanza, mtu wa Kapchorwa anamuuzia kondoo mtu ambaye najua wanaongea naye Kiswahili vizuri kabisa, Kiingereza kimetoka wapi? Baraza la mawaziri hapa Uganda lilipitisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, bado tunakimbilia kwa kijana wa kuchapa atuandikie lugha ambayo hakuna kati yetu anayeielewa, halafu usiku tunalia. Andikeni Kiswahili. Mngeandika "kondoo wa muuzaji" leo ungekuwa umelala.

Chuma_Busia
Mama shikamoo, lakini hapo naomba nikupinge kidogo. "Kondoo wa muuzaji" ni mmoja au ni ishirini? Haijulikani! Ingekuwa nyumba ungejua, nyumba ya muuzaji, nyumba za muuzaji. Kondoo ni mnyama, akiwa mmoja ni "wa" na wakiwa wengi ni "wa". Sisi tuna shida ile ile ya Waingereza, hata kwa Luganda kondoo ni endiga, mmoja au wengi ni endiga tu. Kinachotuokoa ni kitenzi, kondoo amelipiwa, kondoo wamelipiwa. Na Kiingereza ni hivyo hivyo, kuna is na are, has na have. Mlima_Elgoni hebu tuandikie sentensi yote. Umetuletea kichwa, mkia uko wapi?

Mlima_Elgoni (Kapchorwa)
Asanteni kwa majibu. Lakini mimi nimeuliza neno moja tu, sioni kwa nini niandike yote, mengine ni mambo ya kifamilia. Nilichoelewa kwa mwalimu ni kwamba linaweza kuwa mmoja. Hiyo inanitosha.

Chuma_Busia
Hapana mzee, mwalimu hakusema hivyo. Baada ya "seller" linafuata neno gani?

Mwalimu_Jinja
Sikusema hivyo. Linaweza kuwa mmoja na linaweza kuwa mia. Tuambie neno linalofuata.

Mlima_Elgoni (Kapchorwa)
Haya. Imeandikwa "The sheep of the seller have been paid for in full". Lakini mjue aliyechapa ni kijana tu wa fotokopi pale karibu na stendi, hata jina langu alikosea herufi mbili, sasa mtu wa namna hiyo, "have" yake mnaiamini vipi? Huenda alitaka kuandika has.

Mwalimu_Jinja
"Have" ni wengi. Kondoo mmoja angekuwa "has been paid for". Ungekuwa na bahati kama angetumia kitenzi cha wakati uliopita kisichobadilika, mfano "the sheep remained here", hapo hata jaji angekuna kichwa. Have haina mlango wa kutokea.

Karani_Mbale
Nimekaa mahakamani kama karani miaka mingi kabla ya kustaafu, acheni sarufi kidogo. Hakimu haamui kesi kwa neno moja, anaangalia karatasi yote, anaangalia mashahidi, na zaidi anaangalia pesa. Mzee, ulipokea shilingi ngapi?

Mlima_Elgoni (Kapchorwa)
Milioni mbili na laki moja.

Lakini subirini kabla hamjanirukia. Mnunuzi ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ana bucha Mbale. Siku ile alikuja mwenyewe, watoto wangu wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akaona hali, akatoa pesa. Kwetu kondoo mzuri wakati ule alikuwa laki tatu. Mimi nilielewa kwamba ananunua wachache na nyingine ananisaidia kama shemeji, karatasi tuliandika tu ili dada asiseme. Sasa Idi ya kuchinja inakaribia, bei imepanda, amepiga simu anakuja Jumamosi na kenta kubeba wote saba. Saba! Nikibaki na nini? Nimeshawahamishia Bukwo kwa ndugu yangu mwingine, siyo kuficha, kule majani ni mazuri. Akija nitampa dume mmoja mkubwa tuelewane.

Kisenyi_Boi
Kondoo mmoja wa milioni mbili huyo awe anasoma na kuandika 😂😂

Mama_Bombo
Laki tatu mara saba ni ngapi mwanangu? Piga hesabu. Mtu amekurudishia watoto shuleni, leo unamhamishia kondoo wake mlimani usiku. Dada yako ndiye atakayelala na hiyo aibu siyo wewe. Mimi mjomba wangu alifanya hivyo na ng'ombe za mahari ya binti yake, mpaka leo pande mbili za ukoo hazizikani.

Mlima_Elgoni (Kapchorwa)
Mama sikuwahamisha usiku, ilikuwa asubuhi. Na saba siyo wote niliokuwa nao, nina wengine, kwa hiyo hata ile "wote" ya shemeji siyo sahihi.

Kisenyi_Boi
Sasa na mimi niseme ukweli. Huu uzi umetungwa. Nani Uganda hii anaandika agrimenti ya milioni mbili bila kuweka idadi kwa tarakimu na kwa maneno? Hata ukinunua baiskeli mwenyekiti wa kijiji (LC1) anaandika "moja". Halafu sentensi imekaa pale pale kwenye ugonjwa wa sheep, kama swali la mtihani. Mimi naona Mwalimu_Jinja ana akaunti mbili, anafundisha sisi bure tukidhani tunashauri mtu.

Mwalimu_Jinja
Kijana ukome. Nina jina langu hapa na sina haja ya kondoo wa mtu. Ningetaka kutunga somo ningechukua samaki, huko ndiko kwenye utamu. "Fish" zamani lilikuwa na wingi wake wa kawaida, ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema mikate mitano na "two fishes", baadaye ndipo likahamia upande wa sheep. Na wataalamu wa ziwa letu mpaka leo wakitaja aina mbalimbali, ngege, sangara, nkejje, wanasema "fishes", lakini ngege kumi kwenye beseni ni "fish". "Species" lenyewe nalo halibadiliki kwa sababu lilitoka Kilatini likiwa hivyo, na "series" vile vile. Hilo ndilo somo. Hili la Kapchorwa ni shida ya mtu.

Dereva_Murchison
Mwalimu amekasirika kwa mpangilio kabisa, nimeamini siyo yeye.

Chuma_Busia
Njia fupi, Mlima_Elgoni piga picha ya karatasi, funika majina na sahihi.

Mlima_Elgoni (Kapchorwa)
Mimi siyo mtu wa kutunga. Hii hapa. *[picha]* Idadi hatukuandika kwa sababu shemeji aliwaona kwa macho yake zizini, na muhuri wa LC1 hamuuoni kwa sababu mwenyekiti alikuwa kwenye matanga.

Kisenyi_Boi
Ok nimeona. Samahani mzee. Samahani mwalimu.

Chuma_Busia
Mzee kuna mstari wa pili hukututajia, "The seller will keep them until Idd". Them! Hapo hata kijana wa fotokopi akikosea have, hawezi kukosea mara mbili.

Afande_Mstaafu
Wanangu walio Uingereza wananiambia siku hizi them ni hata mtu mmoja.

Mwalimu_Jinja
Mtu ndiyo afande, tena ni jambo la zamani. Kondoo mmoja ataitwa "it".

Karani_Mbale
Sikiliza mzee. Shemeji akiamua kwenda mahakamani, kuna utaratibu wa madai madogo tangu 2011, madai yasiyozidi milioni 10, hahitaji wakili, anajaza fomu tu. Atakuja na karatasi hii, na dada yako kama shahidi, na milioni mbili na laki moja igawe kwa bei ya siku ile unapata saba kamili. Hadithi ya msaada wa karo haimo kwenye karatasi. Na kuwapeleka Bukwo baada ya simu yake ndiyo itakuumiza zaidi ya have na them.

Mlima_Elgoni (Kapchorwa)
Nimewaelewa, ingawa bado nasema bei ya sasa siyo ya wakati ule na yeye ni mfanyabiashara, anajua. Tuseme nawarudisha. Sasa mnisaidie mstari wa mwisho kabisa, ule mdogo chini: "Offspring remains with the seller". Tangu tuandikiane wamezaliwa watatu. Hapo "remains" ina s. Kwa hesabu yenu ya has na have, si mtaniambia wangu ni mmoja tu?

Chuma_Busia
Eee! Offspring nayo haibadiliki!

Mwalimu_Jinja
Haibadiliki, mwana mmoja offspring, wana kumi offspring. Ila tulia, hapa s haikuui. Neno hili Waingereza hulitumia pia kwa uzao wote kwa jumla, kama kitu kimoja, na hapo kitenzi huja cha umoja. Mimi ningelisoma hivyo, wote watatu wako. Lakini shemeji akipata mwalimu mwingine atakayemsomea kwa kidole, mtabishana.

Karani_Mbale
Ndiyo maana usingoje Jumamosi. Mpigie leo, mwambie saba wako tayari na wanakondoo watatu wanabaki kama mlivyoandikiana, mwache aseme mwenyewe "ndiyo". Akija, mwandike karatasi mpya mbele ya mwenyekiti: kondoo 7 (saba), majike wangapi, madume wangapi, rangi, alama za masikio, na wanakondoo 3 (watatu) ni wa muuzaji. Andikeni Kiswahili kama Mama alivyosema, lakini namba muweke.

Mlima_Elgoni (Kapchorwa)
Simu yake inaita haipokelewi. Nampigia dada.

Mama_Bombo
Mpigie. Na kutoka Bukwo mpaka kwako uwatoe kesho alfajiri, ukichelewa kenta yake itafika kabla ya kondoo.