Kakegurui: namna ya kucheza jiwe-karatasi-mkasi ya kura tukiwa watu 15, bila makuta (pesa)

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Bandugu, jambo. Jumamosi tunataka kucheza ule mchezo wa kipindi cha kwanza cha Kakegurui, anime ya Kijapani ya kamari shuleni, pale Yumeko Jabami anapokutana na Mary Saotome. Darasa linapiga kura za jiwe, karatasi au mkasi (jiwe linashinda mkasi, mkasi unashinda karatasi, karatasi inashinda jiwe), kura zinaingia sandukuni, kila mchezaji anavuta tatu na kutoa moja. Tuko 15, wengi bado wa sekondari. Makuta hayataingia, tutaweka dau la vifuniko vya soda.

Kwenye anime wapiga kura ni 30. Sisi karata ngapi zinatutosha? Tuzitengeneze vipi? Na nifanye nini ili watu watatu-wanne wasipatane pembeni kabla ya kuanza? Nilifikiri pia anayeishiwa vifuniko avae kibao cha "mbwa" au "paka" shingoni, kama pale Hyakkaou, shule ya akina Yumeko. Mnaonaje?

Hesabu_Ibanda (Bukavu)
Anza na hesabu, ndiyo itakuonyesha Mary anashindaje. Chukua kura 30 zilizogawanyika 10-10-10. Mikono ya karata tatu inayoweza kutoka ni 4,060. Yenye alama zote tatu ni 1,000 tu, yaani 24.6 kwa mia. Yenye alama mbili ni 2,700, na yenye alama moja ni 360. Kwa hiyo robo tatu ya mikono inakosa alama, na mkono unaokosa alama ukijulikana umekwisha. Asiye na mkasi amebaki na jiwe na karatasi: mwekee karatasi, utashinda au mtatoka sare, kupoteza haiwezekani. Asiye na jiwe, mwekee mkasi. Asiye na karatasi, mwekee jiwe. Mtu mmoja anayechungulia mkono na kutoa ishara ana nguvu kuliko bahati yote iliyomo sandukuni.

Sasa ongeza kura za watu walio mikononi mwako. Tuseme zimetoka jiwe 18, karatasi 6, mkasi 6. Mpinzani atakuwa na jiwe angalau moja karibu mara 95 kwa 100, na mara 20 atakuwa na mawe matupu. Wewe unayejua mgawanyo unasubiri karatasi tu, nayo itakujia karibu nusu ya mara. Ukiikosa, dau dogo. Ukiipata, dau kubwa. Mwenzako anadhani anabishana na bahati, kumbe chumba kizima kimeshamuuza. Kwangu hiyo ndiyo inayotisha katika anime hii, kuliko yale macho mekundu ya Yumeko.

Kwa watu 15: wachezaji 2, mshika sanduku 1, wapiga kura 12. Kura moja moja zitakupa karata 12, na hizo ni chache mno. Ukiwa na mawe matatu kati ya manne yaliyopo, tayari unajua mwenzako ana nini. Kila mtu apige kura mbili, zitakuwa 24. Zikigawanyika 8-8-8, mkono wenye alama zote unatoka mara 25.3 kwa 100, karibu sawa kabisa na darasa la watu 30.

Yaya_Karisimbi (Goma)
Mdogo wangu, usiwaruhusu watu wachore kura zao wenyewe. Mwandiko unamtaja mtu, na biki ikikandamizwa inaacha mkwaruzo unaosikika kwa kidole upande wa nyuma. Mwenye vidole vyepesi atakusomea sanduku zima bila kutoa mkono.

Chukua karatasi ngumu za A4, shiti nne za rangi moja na pakiti moja. Kila shiti igawe tatu kwa tatu, utapata karata 9 za sm 7 kwa 9.9. Nne zinakupa 36 kamili. Chora wewe peke yako kwa fetri (kalamu ya rangi), jiwe 12, karatasi 12, mkasi 12. Kisha inua kila moja mbele ya balbu. Alama ikionekana kwa nyuma, karatasi ni nyepesi, tafuta nyingine. Ukikata kwa mkasi, kingo zitapinda na kila karata itakuwa na sura yake. Kata kwa wembe na rula.

Kila mpiga kura anapewa tatu, moja ya kila alama. Mbili zinaingia sandukuni, ya tatu inaingia mfuko wa pili unaofungwa mpaka mwisho. Hapo hawezi kuweka mawe mawili hata akitaka. Mkimaliza mkondo (raundi), hesabu sanduku na mfuko pamoja: lazima kila alama itimie 12. Isipotimia, kuna karata iliyobaki mkononi mwa mtu, na mkondo huo unafutwa.

Wachezaji waketi migongo ukutani. Si mbele ya dirisha, wala kioo, wala kabati la vioo. Simu zilale kifudifudi mezani.

Hesabu_Ibanda (Bukavu)
Yaya amegonga penyewe. Angalieni tofauti. Watu 4 waliopatana, wakiruhusiwa kuweka mawe mawili kila mmoja, wanatia 8. Wale 8 wengine wakipiga ovyo wataongeza mawe matano hivi, jumla 13 kati ya 24. Kwa sheria ya Yaya, hao 4 wanatia mawe 4 tu, na jumla inashuka hadi 9 hivi, wakati mgawanyo sawa ni 8. Kupatana kunabaki, lakini hakuna faida ya kutosha.

Dau: kila mchezaji vifuniko 20, dau la chini 1, la juu 5. Bila kikomo cha juu, mtu ataweka 20 mara ya kwanza na mchezo utaisha kwa dakika moja. Sare: vifuniko vinabaki mezani, karata zote 6 zinarudi, sanduku linatikiswa, mnavuta tena. Zirudishwe bila kuonyeshwa zile nne ambazo hazikuchezwa, vinginevyo watazamaji wataanza kuhesabu mgawanyo.

Yaya_Karisimbi (Goma)
Na vibao, hapana. Pale Hyakkaou wanafunzi 100 wenye mchango mdogo kabisa kwa baraza la wanafunzi wanageuzwa mifugo, na tangu siku hiyo yeyote anaweza kuwatuma na kuwadhalilisha. Suzui, mwanafunzi mwenzake Yumeko, anaanza hadithi akiwa hivyo hivyo. Kibao mnakivua saa kumi na mbili, jina linamfuata mtoto shuleni Jumatatu. Anayeishiwa apewe sanduku. Hana tena dau la kulinda, kwa hiyo ndiye unayemhitaji pale.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Nimewaelewa, vibao vimeondoka. Wakija 9 tu je? Na kuna anayetaka ule mchezo wa kumbukumbu wa Sumeragi, mpinzani mwingine wa Yumeko: kufunua karata mbili mbili na kutafuta jozi.

Kamalondo104 (Lubumbashi)
Wakiwa 9, wapiga kura wanabaki 6. Mpe kila mmoja seti mbili, yaani karata 6, aweke 4 sandukuni na 2 mfukoni. Karata ni zile zile 36, sandukuni bado 24, na hakuna anayeweza kutia zaidi ya mbili za alama moja.

Wa Sumeragi, kipindi cha pili, unatumia pakiti mbili bila jokeri, karata 104. Jozi ni namba na alama pamoja: saba ya karo haioani na saba ya piki. Ukifunua ya kwanza, uwezekano wa kupata mwenzake papo hapo ni 1 kwa 103, kwa hiyo raundi za mwanzo ni za kukariri tu, watu wasikate tamaa. Zikipangwa mistari 8 ya karata 13 zinataka meza ya karibu sm 91 kwa 76. Meza ikiwa ndogo, toa mioyo na piki peke yake kutoka pakiti zote mbili: karata 52, jozi 26, mistari minne.

Kinachoharibu mchezo huu ni migongo. Itsuki Sumeragi anashinda kwa sababu karata zenyewe zina siri, na Yumeko anaigundua. Pakiti iliyokwisha kuchezewa ina kona zilizokunjika na madoa ya vidole. Nunua mbili mpya za aina moja, siku moja, duka moja. Zifungue mbele ya watu, linganisha migongo mmoja juu ya mwingine: wakati mwingine rangi ya pakiti moja imekolea zaidi. Zikitofautiana, kila mtu atajua kwamba mwenzake yuko kwenye kundi la pili, na atatafuta kati ya 52 badala ya 103. Hapo rudisha pakiti moja ubadilishiwe, ama cheza jiwe-karatasi-mkasi peke yake.

Ule mchezo wa Midari, mwanafunzi mwingine wa Hyakkaou, wenye bastola msiuguse, hata kwa bastola ya plastiki.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Asanteni bakubwa. Sanduku la viatu linafaa?

Yaya_Karisimbi (Goma)
Linafaa, lakini usikate tundu juu, anayevuta ataona ndani. Kata ubavuni, sm 10, kisha ning'iniza ndani mguu wa soksi uliokatwa ncha. Mkono unapita, jicho halipiti. Na mwenye saa au bangili avue kwanza, karata inajibana hapo kirahisi sana.