Mzinga wa Königsberg: ubaki Mombasa au urudi Rufiji?

Mtoto wa Utete
Wadau, juzi nilikuwa Mombasa kwenye harusi ya binamu, nikapata upenyo nikaingia Fort Jesus. Nikaukuta mzinga wa ile meli ya Kijerumani, Königsberg. Nimeuwekea mkono, chuma kinaunguza kwa jua, nikajiuliza: wewe si wa mtoni kwetu? Huku umefuata nini?
Kwa wasiojua: meli ilijificha delta ya Rufiji mwaka 1914 baada ya kuizamisha Pegasus ya Mwingereza pale Zanzibar. Waingereza wakaifunga mlango, wakaja kuimaliza Julai 11, 1915 kwa Severn na Mersey, meli za kina kifupi zinazoingia mtoni. Wajerumani wakaichomoa mizinga yote 10 kutoka kwenye mabaki, wakaipeleka Dar, karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu. Mizinga ya bahari ikawa ya nchi kavu, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, akatamba nayo.
Hoja yangu: urudishwe. Wenzetu wanakatia watu tiketi, sisi hatuna hata kibao.

Kibokoni Damu
Karibu tena Mombasa, ndugu. Lakini hebu tuhesabu: mzinga umefuliwa Ujerumani, umetekwa na Mwingereza, umewekwa Mombasa. Wewe mtu wa Utete unaingia wapi hapo? Na ungebaki kwenu saa hii ungekuwa nondo. Watu wa vyuma chakavu wangeshaupima kwa kilo.

Mtoto wa Utete
Angalia mdomo wako. Waliokuja kuvua shaba kwenye mabaki ya ile meli miaka ya 1920 hawakuwa Wandengereko, walikuwa Wazungu na leseni zao. Waliikatakata kwa miongo, mpaka kilichobaki kikamezwa na tope. Leo sisi ndio wezi wa skrepa?

Kibokoni Damu
Sijasema wezi. Nimesema wapima kilo. Umejivika kofia mwenyewe.

Fundi Gereji
😂😂 Umeme wa relini umeshaibiwa mara ngapi, jamani? Jamaa hajakosea sana.

Mtoto wa Utete
Wewe gereji yako yenyewe spea zinatoka wapi?

Mswahili wa Forodhani
Mnagombana bure. Pale Fort Jesus mzinga si mmoja. Upo na wa Pegasus, meli iliyozamia bandarini kwetu asubuhi ya Septemba 20, 1914. Mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani, makaburi yapo, nendeni mkaone. Mizinga yao Waingereza wakaiopoa, wakaifunga magurudumu nao, wakaipeleka bara kupigana na hiyohiyo ya Königsberg. Basi kama wa Rufiji unarudi Rufiji, na wetu urudi Zanzibar.

Mzalendo Halisi
"Wetu" nani? Zanzibar ni sehemu ya Tanzania. Sema urudi Tanzania.

Mswahili wa Forodhani
Mwaka 1914 Tanzania ilikuwa wapi, bwana mkubwa? Ilipigiwa mizinga nchi nyengine na meli iliyotoka nchi nyengine. Kwa hesabu zenu, Tanganyika ndiyo iliyotuvamia, tena tudai fidia.

Mzalendo Halisi
Hapo ndipo mlipotaka kufika siku zote. Mada ya mzinga mnaingiza Muungano. Mngekuwa na shukrani hata kidogo

Mswahili wa Forodhani
Malizia sentensi, usiogope.

Kibokoni Damu
Mimi nimeshachota popcorn 😂 Mkimaliza kugawana nchi mtuambie tuufunge kamba tuulete wapi.

Mbeba Boksi Hamburg
Wadau, nirudishe mada kidogo. Mimi niko huku Hamburg. Mtoa mada umeuita mzinga wa nchi kavu, sawa, lakini usidhani Lettow alikuwa na regimenti ya mizinga kama zile za Ulaya. Huku Ujerumani kulikuwa na regimenti za mizinga za farasi, kila moja na namba yake na mji wake. Hannover, kwa mfano, walikuwa na namba 10, yenye jina la Scharnhorst. Mzinga wa sentimita 7.7, farasi sita mbele, wapanda farasi watatu, unakwenda mbio shambani. Schutztruppe, jeshi la Mjerumani huko kwetu, walianza vita na vitu vya mwaka 1873, vya baruti ya moshi: ukipiga risasi moja kila mtu anajua ulipo. Ndiyo maana hii 10 ya Königsberg, sentimita 10.5, ilikuwa lulu.
Ila mzinga ule ulitengenezwa kukaa juu ya meli, si kuvutwa. Na Afrika mbung'o alimaliza farasi na ng'ombe. Kwa hiyo farasi wakawa watu. Mamia kwenye kamba kwa mzinga mmoja.

Bi Mkubwa Lindi
Umesema farasi wakawa nani?

Mbeba Boksi Hamburg
Mama, namaanisha kazi ya farasi ilifanywa na watu.

Bi Mkubwa Lindi
Nimekusoma vizuri, mwanangu, miwani ninayo. Babu yangu mzaa mama alikuwa kwenye kamba hiyo unayoitaja kama mtu anasimulia mechi. Alichukuliwa shambani kwake mpunga ukiwa haujavunwa. Hadi anakufa alikuwa na alama begani, nyama imekuwa ngumu kama soli ya kiatu, na sisi wajukuu tulikuwa tunaishika kwa mchezo. Alikuwa akitaka kunyanyua gunia anahesabu "aini, svai, drai". Hakujua Kijerumani kingine chochote. Huyo ndiye farasi wako.

Mbeba Boksi Hamburg
Nisamehe, mama. Kalamu iliteleza.

Fundi Gereji
Kalamu za Ulaya zinateleza sana.

Mbeba Boksi Hamburg
Wewe nawe nimekukosea nini? Nimebeba boksi miaka 11 huku, sijawa Mzungu. Hapa Jenfeld kuna sanamu za kuchongwa za 1939: Mjerumani mbele, askari nyuma yake, na nyingine ya wapagazi na mizigo. Mimi ndiye ninayepita hapo nikienda kazini, si wewe.

Kibokoni Damu
Lakini bibi, shikamoo kwanza. Si walikuwa wakilipwa? Nasikia 1964 serikali ya Ujerumani ilituma pesa Mwanza, wazee wasiokuwa na vyeti wakapewa ufagio waoneshe gwaride kwa amri za Kijerumani, wote wakafaulu.

Bi Mkubwa Lindi
Marahaba. Hadithi ya ufagio kila mtu anaipenda. Hiyo ni ya askari, baba. Mwenye kamba ufagio angeufanyia nini? Kuuvuta?

Mzee wa Nyaraka
Nisaidie hapo. Kwa upande wa Mwingereza peke yake hesabu inayotajwa sana ni wapagazi 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa. Ndio hao wa Carrier Corps, mkisema Kariakoo mnawataja wao, na Nairobi Kariokor. Upande wa Mjerumani hakuna aliyejisumbua kuhesabu sawasawa.
Na mtoa mada, mizinga haikutamba mpaka mwisho. Mmoja uliwahi kufungwa kwenye Götzen kule Kigoma, ambayo ndiyo Liemba yetu. Mwingine Wajerumani waliulipua wenyewe Kahe, Machi 1916. Hadi Lettow anavuka Ruvuma Novemba 1917 hakubaki na hata mmoja, na mwaka mzima baadaye ndipo akasalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia leo. Uliobaki mwingine uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Hamjaudai huo?

Mzalendo Halisi
Pretoria tutawadai baadaye. Kwanza huyu wa Forodhani afute kauli.

Mswahili wa Forodhani
Ipi? Ya Chapwani au ya fidia?

Kibokoni Damu
Bibi wa Lindi, mimi nimekaa jirani na ule mzinga tangu naenda madrasa. Tulikuwa tukipanda juu yake, mlinzi anatukimbiza. Sikuwahi kuuliza uliletwaje bara. Nilidhani vitu vizito huja kwa gari moshi.

Bi Mkubwa Lindi
Reli ya kati ilikuwapo, na Tanga ilikuwapo. Kwetu kusini hakukuwa na kitu, na ndiko walikokimbilia. Oktoba 1917 pale Mahiwa walipigana siku nne. Mama alizaliwa kilomita chache kutoka hapo na hakuna hata jiwe lenye jina la mtu mweusi.

Mtoto wa Utete
Sasa bibi, wewe unasemaje: ubaki au urudi?

Bi Mkubwa Lindi
Urudi kwa njia gani? Mkipata crane sawa. Msije mkatafuta vijana.

Fundi Gereji
Crane ya kukodi ninayo, bei maelewano.

Kibokoni Damu
😂😂 Nilisema mimi. Mpima kilo huyo hapo.

Mtoto wa Utete
Swali la tiketi hakuna aliyelijibu.