Re: Bahasha ya farasi wodini (na wakongwe, Grand National mlikuwa mnabeti vipi?)

Kutoka: Muuguzi mgeni, Wolverhampton

Habarini za jioni wanajamii,

Naomba ushauri wa jambo dogo. Mimi ni muuguzi, sijamaliza hata mwaka hapa Uingereza. Wodini kwetu kuna dada anapitisha bahasha: unatoa pauni mbili, unaingiza mkono, unaokota kikaratasi chenye jina la farasi. Wanasema ni ya Grand National, mbio kubwa za farasi za kila mwaka, Jumamosi hii. Kubeti ninakokujua mimi ni mikeka ya mpira ya kaka yangu, ambayo kila wiki inachanika. Nikikataa nitaonekana najitenga? Nikitoa, haiwezi kuniletea tatizo la viza? Na nyinyi mliotangulia, mlianzaje na hawa farasi? Msinicheke.

Kutoka: Mzee wa Toxteth, Liverpool

Mwanangu, karibu. Umeuliza habari za farasi na mimi nakaa Liverpool, kwa hiyo itabidi uvumilie maneno ya mzee.

Aintree, wanakokimbia, ni hapa hapa kwetu, vituo vichache tu vya treni kutoka katikati ya mji. Mimi nilikuja na meli, nikabaki na baridi. Dau langu la kwanza lilikuwa la mwaka 1977, kwa Red Rum, kwa sababu mtaani kwetu hapakuwa na mtu ambaye hakumwekea chochote. Alikuwa ameshashinda 1973 na 1974, kisha akawa wa pili 1975 na 1976, na magazeti yakaanza kusema miaka 12 ni mingi kwa farasi wa kuruka viunzi. Odi yake ilikuwa 9 kwa 1, yaani ukiweka pauni moja unapata faida ya tisa. Mwalimu wake, Ginger McCain, alikuwa muuza magari wa Southport, hana viwanja vya fahari kama matajiri wa kusini, basi farasi akawa anafanyishwa mazoezi ufukweni. Miguu yake ilikuwa na ugonjwa, na watu wakasema ni maji ya bahari yaliyomponya. Waingereza walisimulia jambo hilo kama muujiza. Mimi mtu wa pwani sikuona ajabu. Siku ile aliwaacha wenzake mbali, urefu wa farasi 25. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda mara tatu. Alipokufa mwaka 1995 walimzika pale pale Aintree, kwenye nguzo ya kumalizia.

Lakini mwaka ninaoukumbuka zaidi ni 1997, na wala si kwa sababu ya dau. Jumamosi ile likaja onyo la bomu kutoka kwa IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland. Polisi wakaondoa watu wote uwanjani, maelfu kwa maelfu, na magari na mabasi yao yakafungiwa ndani. Watu waliokuja kwa siku moja hawana pa kulala, hoteli zimejaa. Mji mzima ukafungua milango. Kwetu walilala watu wa Scotland ambao hatukuwajua, wanawake wana kofia za manyoya kama wanakwenda harusini, viatu mkononi. Marehemu mke wangu akateleka sufuria ya pilau. Mmoja wao aliuliza kama kuna farasi tuliyemwekea dau, nikamwonyesha karatasi yangu, akacheka akatoa ya kwake: farasi mmoja! Mbio zikakimbiwa Jumatatu, akashinda Lord Gyllene, 14 kwa 1, aliyezaliwa New Zealand. Wa kwetu hakuonekana kabisa.

Kwa hiyo hiyo bahasha, mwanangu, ichukulie kama namna yao ya kukukaribisha barazani. Hayo ya viza watajibu wanaojua.

Kutoka: Karani mstaafu, Luton

Shikamoo mzee. Nimesoma habari za zile kofia nikacheka peke yangu kwenye basi.

Dada yangu muuguzi, nilifanya kazi kwenye duka la kubeti miaka ya tisini na kuendelea, nyuma ya kioo, nikipokea karatasi. Viza kwanza. Kubeti hapa ni halali kwa mtu wa miaka 18 na zaidi, haijalishi uraia wako. Mchango wa wafanyakazi wa sehemu moja nao unaruhusiwa na Sheria ya Kamari ya 2005, bila leseni yoyote, mradi mwenye bahasha hajitengenezei faida. Hiyo pauni mbili haina mahali pa kukudhuru.

Ukitaka kwenda zaidi ya bahasha, nenda dukani, usianze na simu (wengine nadhani watakueleza kwa nini). Siku ya National ndiyo siku pekee ambayo dukani unawaona watu wote: bibi aliyetoka sokoni, vijana, mapadri. Tulikuwa tunaongeza makarani, kwa sababu nusu ya wateja hawajui kujaza karatasi na wanauliza mambo yale yale. Chukua karatasi na kile kikalamu kidogo, andika saa ya mbio, Aintree, jina la farasi na kiasi chako. Ukiipenda odi iliyo ukutani, mwambie karani aiandike kwenye karatasi. Asipoandika, utalipwa kwa odi itakayokuwepo farasi wanapoondoka, ambayo inaweza kuwa juu au chini.

Kisha kuna dau la pande mbili, na hapa ndipo wageni wanaponunia makarani. Ukisema pauni moja pande mbili, unatoa pauni mbili: moja ya kushinda, moja ya kuingia nafasi za juu. Nafasi hizo kwenye National ni nne kwa kawaida, ingawa siku hizi maduka mengi hutangaza tano au sita ili kuvuta watu. Chukua mfano wa 2009. Mon Mome alishinda kwa odi ya 100 kwa 1. Mwenye pauni moja pande mbili, kama nafasi ililipwa robo ya odi, alipata pauni 101 kwa upande wa kushinda na 26 kwa upande wa nafasi, jumla 127. Angekuwa wa nne, angepata hizo 26 tu. Kwa mbio kama hizi, mimi siwezi kumshauri mtu aweke upande mmoja. Viunzi 30, zaidi ya maili nne, farasi wengi. Mwaka 2001 uwanja ulikuwa tope tupu, wakamaliza wanne tu, na wawili kati yao wapandaji wao walikuwa wametoka mgongoni njiani, wakawapanda tena! Mwaka 1967 waligongana karibu wote kwenye kiunzi cha 23, akapita Foinavon aliyekuwa nyuma sana, 100 kwa 1, na sasa kiunzi chenyewe kinaitwa kwa jina lake.

Na siku ngumu kuliko zote kazini ilikuwa 1993. Utepe wa kuanzia ukakwama, mwanzo ukafutwa, mara ya pili ukamnasa joki mmoja (mpanda farasi) shingoni, bendera ya kuwarudisha haikukunjuka, na joki wengi wakaendelea kukimbia. Esha Ness akafika wa kwanza. Dukani watu wanarukaruka, wanakumbatiana, halafu televisheni ikasema mbio zimebatilishwa. Hebu fikiria mimi nyuma ya kioo, nikiwaeleza kwamba hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa na kila mtu arudishiwe dau lake! Foleni ilitoka nje ya mlango. Waliokuwa wameshachana karatasi zao kwa hasira walikuwa sakafuni wanaunganisha vipande. Tangu hapo nawaambia watu: usichane karatasi mpaka matokeo rasmi yatangazwe.

Jambo moja lililobadilika kwa uzuri ni kodi. Zamani tulikata kodi kwenye kila dau, miaka ile ya mwisho asilimia 9, unachagua kulipa mwanzoni au kukatwa kwenye ushindi. Ilifutwa Oktoba 2001. Leo unachoshinda ni chako chote.

Kutoka: Ami wa Leicester

Assalaam alaykum. Nimewasoma wote na heshima zenu ziko pale pale. Lakini asiulize mtu kama kujitenga ni tatizo bila kusikia upande wetu pia. Sisi Waislamu kamari hatuchezi, iwe pauni mbili au mia mbili, na kazini kwangu wanajua. Bahasha ikifika nasema, “Ahsante, mimi sichezi kwa ajili ya dini yangu, lakini nitaangalia pamoja nanyi.” Sijawahi kununiwa. Waingereza humwelewa mtu mwenye msimamo kuliko anayejificha chooni bahasha inapopita. Siku yenyewe nakaa nao mbele ya televisheni, na kusema kweli napenda kuwaona wale farasi wakiruka. Ila wanapokufa uwanjani roho inauma, na wapo Waingereza wengi wanaopinga mbio hizi kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana tangu 2024 wamepunguza farasi kutoka 40 hadi 34.

Kutoka: Msimamizi wa orodha

Ami, ahsante, umesema kwa upole. Naomba mjadala wa halali na haramu uishie hapo, tumjibu dada.

Kutoka: Mama Pacha, Milton Keynes

Mzee na karani wameusifu ule upande wenye kofia. Niseme nami wa simu.

Ndugu yangu wa kuzaliwa alianza hivi hivi. Bahasha kazini, akaokota farasi, akafurahi, mwaka uliofuata akafungua akaunti kwenye simu kwa sababu kampuni moja ilimpa dau la bure la siku ya National. Mbio zile huisha kwa dakika kama kumi, lakini akaunti haifungwi. Jumatatu yake ujumbe ukaingia, na Jumatano mwingine. Kufikia Krismasi alikuwa anabeti mbio za mbwa usiku wa manane akiwa shifti. Hakuna aliyemkamata mkono, ni kweli, lakini mnajua mshahara wa mhudumu wa wazee ulivyo, na mnajua nyumbani wanavyosubiri ile pesa ya mwisho wa mwezi.

Ya pili, na hii haisemwi: mkopo wa nyumba. Ukiomba, benki inataka stetimenti za miezi kadhaa. Mstari mmoja wa kampuni ya kubeti mwezi Aprili hautakuangusha. Mistari 40 itakufanya uulizwe maswali, na wengine wamekataliwa. Karani amesema vizuri: nenda dukani, na mimi naongeza, nenda na noti mfukoni, kadi iache nyumbani. Kadi za mkopo zenyewe zimepigwa marufuku kwenye kamari tangu Aprili 2020.

Tatu, kwa mwenye ndugu aliyezama. Kuna huduma inaitwa GamStop, ya bure. Unajisajili mwenyewe, na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni hapa zinakufungia, miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, unavyochagua. Huwezi kubadili mawazo katikati. Na benki nyingi zina kitufe ndani ya programu yao cha kuzuia malipo ya kamari. Ndugu yangu alifanya vyote viwili jikoni kwangu, nimemsimamia na mwiko mkononi. Nadhani mwiko ulisaidia.

Lakini nisiwe mchungu tupu. National niliyoipenda mimi haikuwa na farasi hata mmoja. Aprili 2020, kila kitu kimefungwa, mbio zimefutwa, televisheni ikaonyesha mbio za kompyuta. Dau halikuzidi pauni 10 na faida yote ya makampuni ikaenda kwa mashirika ya hisani ya NHS, huduma ya afya ya taifa. Nilikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, tumevaa barakoa na aproni za plastiki, na wazee wetu wakashangilia farasi wa katuni kana kwamba wana damu. Alishinda Potters Corner. Bibi mmoja wa miaka tisini na kitu alidai alimchagua yeye, na nani angebishana naye siku zile?

Kutoka: Muuguzi mgeni, Wolverhampton

Shikamooni wote, na ahsanteni sana. Ami, nimekuelewa, mimi ni Mlutheri, na mchungaji wetu nadhani angefumba jicho moja. Nimetoa pauni mbili na nimeokota. Dada mwenye bahasha ameniambia wangu ni 66 kwa 1, akacheka. Simu sigusi, Mama Pacha, nakuahidi. Maswali mawili: je, mwenye bahasha analipa kwa odi hizo? Na Jumamosi niko shifti ya mchana, zinaanza saa ngapi?

Kutoka: Karani mstaafu, Luton

Hapana, odi hazihusiki na bahasha. Pesa zilizomo ndizo zinazogawanywa: farasi 34 kwa pauni mbili ni 68, mkigawana wa kwanza, wa pili na wa tatu kama mlivyopatana. Sehemu nyingine humpa kidogo hata mwenye farasi wa mwisho kumaliza. Uliza kabla, si baada. Na hakikisha uliokota baada ya orodha ya mwisho kutoka, yaani Alhamisi. Wanaopitisha bahasha mapema huuza farasi ambaye hatakimbia. Odi ya 66 isikutishe: Auroras Encore alishinda 2013 kwa hiyo hiyo.

Mbio ni saa kumi kamili jioni. Zamani zilikuwa saa kumi na moja na robo, kwa hiyo usimsikilize mzee wa zamani wodini atakayekuambia bado mapema.

Kutoka: Mzee wa Toxteth, Liverpool

Mwambie msimamizi wa shifti mapema akupangie mapumziko saa tisa na dakika hamsini, kabla wenzako hawajayawahi. Na utuandikie jina la huyo farasi. Mimi bado nina nafasi kwenye karatasi yangu.